Dereva Aliyewapa Ndege Mgongo

Dereva akitaka uone kitu, hakuonyeshi kwa kidole. Anainua kidevu, basi, kama mtu anayemsalimia mwenzake aliye ng'ambo ya barabara. Ukijisahau ukanyoosha mkono, anaushika anaushusha, na hajali wewe ni mama wa nani. Mara ya kwanza nilikasirika. "Usinishike," nikamwambia. Akanijibu, "Basi wewe usimwonyeshe ndege kidole. Kwake hiyo ni fimbo."

Jina lake nalijua, lake na la baba yake. Majina hayanitoki. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo kila kitu nilikiweka kichwani. Lakini mwaka huu, katika majengo yetu ya Langley Park, hapa Marekani, tumezoea kutotaja majina ya watu ovyo, si kwenye simu wala kwenye ngazi, sembuse kwenye karatasi. Kwa hiyo nitamwita tulivyomwita sote. Wale nitakaowataja kwa majina ama wameshakufa, ama wameniruhusu.

Alikuwa anaendesha gari la wazee, lile refu jeupe lenye ngazi ya umeme, linalotuokota asubuhi majumbani kutupeleka kituoni tukapimwe presha, tucheze bingo, tulishwe supu isiyo na chumvi, na alasiri linaturudisha. Nililipanda miaka mingi mpaka alipostaafu. Mama Wanjiku wa Nyeri alikaa nyuma yake kwa ajili ya goti. Doña Dolores wa Salvador alikaa dirishani na rozari yake. Mzee Athumani wa Unguja, Mungu amrehemu, alikaa kiti cha nyuma kabisa ili akohoe kwa nafasi. Mimi nilikaa katikati, nikisikiliza wote.

Baridi ikianza kuachia, miti ikitoa vile vichipukizi vyekundu vya mwanzo, gari letu lilianza kuchelewa. Dereva anakwenda vizuri, mikono miwili kwenye usukani, mara mwendo unapungua, gari linasogea pembeni, taa zinawaka na kuzima. Anashusha kioo. Kimya.

"Kuna nini tena?" anauliza Mama Wanjiku.

"Ngojeni."

"Tungoje nini? Nina dawa ya saa tatu mimi!"

"Dawa yako hairuki, Mama. Huyu ataruka."

Na kweli, juu ya waya au kwenye uzio kuna kitu kidogo cha manjano, kimetoka huko kusini kinapita kwenda Kanada. Dereva anakitazama mpaka kiondoke chenyewe. Mzee Athumani nyuma anaguna, "Tumekabidhiwa kwa mwendawazimu." Lakini siku Dereva alipougua na akaletwa kijana mwingine asiyesimama popote, tulifika mapema sana, tukakaa kwenye viti tukitazamana, na Mzee Athumani huyohuyo akasema, "Leo hatukuona kitu."

Kuna safari moja iliyompeleka mpaka mahakamani Upper Marlboro. Alikuwa amesimamisha gari katikati ya barabara kubwa kwa sababu bata bukini mmoja alikuwa anavuka na watoto wake, tena kwa mwendo wa bibi harusi. Nyuma yetu honi kila namna. Polisi akamwandikia. Dereva angeweza kulipa yakaisha, watu wote walimshauri hivyo, lakini akavaa suti yake ya kanisani akaenda kubisha. Aliporudi tukamuuliza hakimu kasemaje.

"Ameniuliza wangapi."

"Wangapi nini?"

"Watoto wa bata. Nikamwambia, yeye akacheka, akaniambia nenda nyumbani."

Hivyo ndivyo alivyotuhadithia. Mama Wanjiku hakuiamini hata nusu yake.

Msidhani alikuwa mtu mpole. Watu waliwahi kunisikia nikimsifu wakafikiri namzungumzia mtakatifu. Kwa ndege alikuwa na subira ya ajabu, lakini binadamu akichelewa kushuka ngazi hata kidogo, honi. Chai aliibeba kwenye chupa yake na hakuwahi kumkaribisha mtu, hata kifuniko. Mbwa aliwaogopa, hata vile vidogo vinavyovalishwa sweta. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa mwaka mzima, ila mwezi wa tano hakuonekana, na mchungaji alipomuuliza alisema Mungu anajua alipo, kama anamtaka amfuate kule kijitoni kwa ndege wake. Na majina ya ndege alikuwa anayakosea pia. Kuna aina za rangi ya udongo ambazo kila mwaka alizibishania na nafsi yake, mwisho anasema, "Huyu mwache, hajulikani."

Jambo lingine. Alikuwa raia wa hapa, ameapa zamani, lakini pasipoti aliibeba mfukoni hata akienda kununua maziwa. Nilimtania. "Unasafiri kwenda kwa muuza maziwa?" Hakucheka. "Nyanya," akasema, maana ndivyo alivyoniita, ingawa tumelingana umri na kwetu Tanga nyanya ni ya kutilia mchuzi, "Nyanya, mimi nikisimama mahali muda mrefu, lazima atakuja mtu kuniuliza nasimamia nini."

Mahali pake ni hapa nyuma ya majengo yetu. Si bustani. Ni kimteremko tu, juu kuna uzio wa ile reli wanayoijenga isiyokwisha, chini kuna kijito, na katikati nyasi, miiba, mifuko ya plastiki iliyonasa matawini na masinia ya watu waliochoma nyama Jumapili. Binti yake, aliyeko Germantown, alikuwa akimbembeleza miaka yote ahamie kwake, kuna vyumba na kuna ziwa lenye njia nzuri ya kutembea. Yeye hataki. "Kule ndege wana wenyewe," aliniambia. "Hawa wa hapa hawana mtu." Alipostaafu alivuka barabara kila asubuhi kutoka jengo lake, kofia ya kijivu kichwani, darubini kifuani, akasimama pale pale.

Sasa nieleze habari ya mgongo, kwa sababu mengine yote yanakuja nayo.

Mwaka mmoja alinibebea mifuko yangu ya sokoni tukakatiza kando ya uzio wa reli. Mara ndege akaruka mbele ya miguu yangu akilia kwa nguvu. Miguu mirefu, mgongo wa udongo, kifua cheupe chenye mikanda miwili myeusi kama amevaa mikufu. Nikamwambia Dereva huyu ni kitwitwi, maana anafanana na wale wa ufukweni kwetu. Akasema Wamarekani wana jina lao, lakini la kwangu linamfaa. Kile kitwitwi kikaanguka chini, bawa moja limetanuka linaburuta, mkia umefunguka, kinajikokota kwenye kokoto kama kimepigwa gari. Roho ikaniuma. Nikaanza kukifuata nikiokote.

"Usihangaike," akasema Dereva. "Ni mzima huyo. Ana mayai hapa karibu, anakuvuta uende mbali nayo."

Tukatafuta kwa macho mpaka nikayaona: mayai ndani ya kokoto, nayo rangi ya kokoto, hakuna hata unyasi mmoja wa kiota. Nikasimama nikiyashangaa. Mama mwenye mayai akazidi kulia.

"Mpe mgongo," akasema Dereva.

"Nini?"

"Geuka. Ukimwangalia harudi. Anaogopa macho yako yatamfuata mpaka alipoweka watoto. Mpe mgongo, atarudi."

"Na nitajuaje kama amerudi?"

"Ataacha kulia."

Basi tukasimama, watu wazima wawili na mifuko ya viazi, tumeupa mgongo uwanja mtupu. Kelele ikapungua, ikawa kidogo kidogo, ikakata. Dereva akainua mifuko tukaondoka bila kugeuka. Hakuwahi kuniambia neno zaidi kuhusu jambo hilo.

Mwaka huu yule kitwitwi, au mwanawe, hakutaga kandoni mwa reli. Malori yameharibu. Alipanda juu ya jengo letu. Mapaa yetu ni bapa, yamemwagiwa kokoto, na kwa ndege kokoto ni kokoto. Dereva aliligundua hilo kutoka mteremkoni, akiona ndege anashuka mahali pale pale pa paa kila mara, na akahamisha macho yake huko. Kila asubuhi akasimama, darubini imeinuka, imeelekezwa pembe ya juu ya jengo, juu kidogo ya dirisha la ghorofa ya tatu.

Nyuma ya dirisha hilo alikuwa anakaa Mama Furaha.

Mama Furaha ni wa Bukavu, ana watoto wawili, Furaha na Espoir, na anafua mashuka hotelini. Mumewe alikwenda kuripoti kwenye ofisi ya uhamiaji kabla baridi haijaisha, kama alivyokuwa akienda siku zote, na siku hiyo hakurudi. Tangu hapo anapiga simu mwenyewe kutoka anakozuiliwa, akipewa nafasi, na mara nyingi hapewi. Mama Furaha aliziba dirisha kwa blanketi. Hakwenda tena dukani. Na si yeye peke yake: katika jengo zima mlango haukugongwa tena. Ukitaka kwenda kwa jirani unapiga simu kwanza, halafu ukifika unasema kwa sauti ya kawaida, "Ni mimi, Bibi wa chini," na ndipo unasikia mnyororo.

Zuhura, mjukuu wangu, aliniletea simu yake jikoni. "Bibi, hebu cheki. Si huyu ni yule dereva wako?"

Ilikuwa picha iliyotumwa kwenye kundi la simu la wapangaji, imepigwa kutoka juu, kwenye upenyo wa pazia. Kofia ya kijivu, darubini usoni. Chini yake maneno kwa Kiingereza na Kispania na mtu ameongeza kwa Kiswahili: tahadhari, huyu mwanamume anachunguza madirisha yetu kila asubuhi, anaandika namba za milango, msifungue.

"Anaandika kwa kitu gani?" nikauliza. "Sijamwona huyo na kalamu hata siku moja."

"Ndiyo wanavyosema. Watu wote wamepaniki. Mmoja anasema tuwaite polisi, mwingine anasema una akili wewe, polisi tena?"

"Waandikie ni mzee wa ndege, tunamfahamu."

Zuhura akaandika. Majibu yakaingia hapo hapo, akanisomea. Mtu mmoja alisema: kila mtu wa uhamiaji ana kazi ya kusingizia, wengine mafundi wa gesi, huyu ndege. Hakuna aliyecheka.

Nikampigia Mama Furaha, nikapanda ngazi polepole na magoti yangu, nikasema, "Ni mimi." Alinifungulia. Chumba giza mchana kweupe.

"Mwanangu, yule mtu hana neno. Anatazama ndege juu ya paa."

"Bibi, ndege gani? Ule mutu anaangalia dirisha yangu. Mi niko namuona. Anaangalia, anaangalia, hata macho hapepesi."

"Ndivyo anavyowatazama ndege."

"Na usiku iko kitu inalia juu hapa, kama filimbi. Banaitana."

"Ndiye ndege mwenyewe huyo."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama bibi aliyeanza kuchanganyikiwa.

Nilimweleza Dereva, na hapo akafanya kosa. Yeye anakaa ng'ambo, katika jengo la watu waliotulia, hakuwa na habari ya utaratibu wetu. Akajiambia atakwenda mwenyewe kumtuliza huyo mama. Akapanda mpaka ghorofa ya tatu, mwanamume mrefu, kofia, darubini kifuani, akagonga mlango. Aligonga kama anavyogonga mzee wa kanisa, kwa nguvu, ili asikike. Halafu akasema kwa Kiingereza, "Tafadhali fungua, nataka tu kuzungumza."

Hakuna aliyefungua. Mama Furaha aliniambia baadaye kwamba aliwalaza watoto ndani ya bafu, akawafunika mataulo, na Espoir akabanwa na haja asithubutu kusema. Dereva akagonga tena. Akangoja sana, maana kungoja ndiyo kazi yake. Kwa waliokuwa ndani, kile kimya chake mlangoni kilikuwa kibaya kuliko kugonga.

Jioni hiyo mavalizi ya nguo yalikuwa tayari kando ya mlango wa Mama Furaha. Binamu mmoja huko Ohio alikuwa amekubali kuwalaza sebuleni kwa muda.

"Na baba yao?" nikamuuliza.

Hapo ndipo alipoanza kulia, bila sauti, ili watoto wasisikie. "Simu yangu wanaikata mwisho wa mwezi, sina ya kulipa. Iko anajua adresi hii tu, Bibi. Kama wanamuachilia, atakuja hapa. Atakuta mulango ya watu wengine."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikavaa koti juu ya kanga nikamfuata Dereva mteremkoni, na sikumsalimia.

"Umekwenda kugonga mlango."

"Nilitaka kumwondolea wasiwasi."

"Umemmaliza! Mavalizi yako mlangoni. Anaacha kazi, watoto wanaacha shule, na mumewe akitoka hana pa kuwakuta. Kwa sababu yako na hilo dude lako shingoni."

"Nyanya, sasa mimi nimefanya nini? Mimi nimesimama. Nimesimama hapa miaka yote!"

"Simama pengine."

"Mayai yako karibu kuanguliwa."

"Wewe na mayai yako! Yule ana watoto wa kuzaa!"

Alikasirika. Nikafikiri atanitukana. Juu ya paa kitwitwi kilikuwa kinalia, kinalia, maana tulikuwa tunapayuka. Dereva akainua kichwa akakisikiliza, kwa muda, na uso wake ukabadilika. Sijui alifikiri nini. Alivua kofia, akavua darubini, ile aliyokuwa haruhusu mtu aiguse, akanivika mimi shingoni.

"Mpelekee."

"Ya nini?"

"Aangalie yeye. Aniangalie mimi, aangalie chochote."

"Na wewe?"

"Mimi nina masikio."

Halafu akageuka, akalipa mgongo jengo lote, akatazama kijito.

Siku zilizofuata alikuja kama kawaida, wakati ule ule, mahali pale pale, amesimama na mgongo wake. Hata mara moja hakugeuza shingo. Nilimchungulia kutoka dirishani kwangu chini, nikaona mabega tu na kofia. Ndege wa kila rangi walikuwa wanapita juu ya kichwa chake kwenda upande wetu, na yeye alibaki kuangalia matope. Zuhura alisema, "Bibi, huyu mzee ni noma." Lakini kwenye simu picha zikaacha kutumwa. Nani atampiga picha mtu aliyekupa mgongo?

Mama Furaha alichukua darubini kwa vidole viwili, kama kitu cha polisi. "Sasa ananipa mugongo," akaniambia kwenye simu. "Ni mutego." Kesho yake: "Bado iko." Siku nyingine: "Bibi, ule muzee hana mwavuli? Mvua inamunyeshea." Hakufungua mavalizi, lakini safari aliisogeza mbele, alisema mpaka apokee mshahara wa mwisho.

Halafu asubuhi moja akanipigia huku anahema. "Bibi, toka nje mbio! Ndege moja imevunjika bawa hapa kwa nyasi, paka iko inaifuata!"

Nikachungulia. Kitwitwi alikuwa anajikokota nyasini, bawa limetanuka, na paka wa Doña Dolores nyuma yake ananyemelea. Nikacheka mpaka nikakaa.

"Bibi, unacheka?"

"Hana kitu huyo. Anajifanya. Anamvuta paka aende mbali na watoto wake."

"Batoto wako wapi?"

"Juu ya kichwa chako, mwanangu. Juu ya dari yako. Ndiyo hao wanaolia usiku."

Nikamwona kitwitwi akimfikisha paka mbali kabisa, karibu na majalala, halafu akaruka mzima na bawa lake zima, akapita mbele ya madirisha kurudi paani. Simu ilikuwa bado hewani.

"Hapa juu yangu?" akauliza.

"Hapo hapo."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote hizi."

Alikata simu bila kuaga. Jioni alinipigia kuniambia kwamba blanketi la dirishani amelishusha, kidogo tu, upande mmoja. Na kwamba ataondoka wakishashuka hao watoto wa ndege, kabla yao hataki, asije akawatisha kwa kuburuta mizigo. Nikamwambia sawa. Ndani yangu nikawaombea watoto wa ndege wakawie.

Hawakukawia. Ilikuwa Jumamosi, jua zuri, miti imeshakuwa na majani. Nikasikia vitwitwi wote wawili, baba na mama, wanaita kutoka chini, kwenye uwanja wa kuegesha magari. Nikachukua fimbo yangu nikatoka. Juu ya ukingo wa paa kulikuwa na kitu kama donge la pamba lenye miguu. Kikatazama chini. Kikaruka. Kikadunda kwenye nyasi, kikainuka, kikaanza kukimbia. Kingine kikafuata. Ndivyo wanavyoshuka, hawangoji mabawa.

Dereva alikuwa mteremkoni, mgongo kwetu. Alikuwa anasikia kila kitu. Niliona mikono yake imekunjwa ngumi kando ya mapaja.

Ili kufika kijitoni iliwabidi wavuke uwanja wa magari. Na wakati huohuo likaingia gari jeupe, kubwa, halina maandishi, vioo vyeusi. Nakwambia wote tulidhani ni watu wa uhamiaji. Wanaume waliokuwa wanatengeneza gari lao wakaacha spana chini wakaingia ndani. Madirisha yakafungwa moja baada ya jingine. Gari likaanza kurudi nyuma, polepole, kuelekea ngazi yetu, na vile vitoto vilikuwa katikati ya lami, vimetawanyika, mama yao anajiburuta mbele ya magurudumu na bawa lake la uongo.

Nilipiga kelele, lakini sauti yangu ni ya bibi. Miguu yangu haikimbii.

Mlango wa ngazi ukafunguka kwa kishindo. Mama Furaha, kitenge na ndala, darubini inamgonga kifuani. Aliliona gari, najua aliliona, kwa sababu alisita, akashika fremu ya mlango. Halafu akakimbia, si kulikimbia, kulikimbilia. Akasimama nyuma yake, mikono yote juu.

"Stop! Simama! Batoto!"

Gari likasimama. Mlango ukafunguka. Alishuka kijana mmoja mwenye glavu za kazi, nyuma ya gari kuna godoro limefungwa nailoni, ameleta kwa mtu wa ghorofa ya pili. Akamtazama Mama Furaha, akatazama chini, akaona. "Ay, Dios," akasema, akazima injini.

Wakavuka. Baba mbele, vitoto vinafuata kama shanga zinazokimbia, mama nyuma, ameacha kujiburuta. Wakapanda ukingo wa lami, wakaingia nyasini. Kelele ikapungua, ikawa kidogo kidogo, ikakata.

Mama Furaha alikuwa bado ameinua mkono mmoja. Nilimwona anatambua alipo: nje, mchana, mbele ya madirisha ya watu wote. Hapo akamwona Dereva mteremkoni, hatua chache tu kutoka kwake. Hakuwa amegeuka. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka.

"Nyanya!" akaita, uso wake kwenye kijito. "Wameshuka?"

Nilifungua mdomo nimjibu, Mama Furaha akanitangulia.

"Papa," akasema. "Geuka."

Hakugeuka mara moja. "Ni nani anayesema?"

"Ni mimi wa dirisha. Geuka, Papa."

Aligeuka taratibu, mikono imefunguka pembeni aonekane hana kitu. Nyasi zilikuwa zimeshatulia, hakukuwa na ndege wa kuona. Akavua kofia. Akainua kidevu kuelekea kule nyasini.

"Wote?"

"Bote."

Mama Furaha akaanza kuivua darubini shingoni amrudishie. Dereva akatikisa kichwa. Akamwambia kwamba yeye, Dereva, anahamia Germantown kwa binti yake, amekubali mwenyewe, magoti yamechoka na mteremko. Akamwambia vitwitwi wana tabia ya kurudi mahali pale pale, na mwakani atamwomba mtu amlete siku moja asubuhi, kama haitakuwa taabu kwa watu wa jengo.

Mama Furaha alitazama gari jeupe, kijana wa godoro, milango iliyofungwa. Halafu akainua kidevu, bila kidole, kuelekea dirisha lake la ghorofa ya tatu.

"Tutakuwa pale," akasema. "Uangalie."